Veli Iliyopanda Bombo

Boksi lilifunguliwa kwenye kaunta ya ghala la vifurushi, stendi ya Same, na ndani hamkuwa na veli. Kulikuwa na majani makavu ya mgomba.

Bibi harusi, Victoria, alishika kichwa. Mama yake akamnyooshea kidole Naanyu, fundi aliyeituma veli hiyo kwa basi kutoka Makanya.

"Mwizi! Harusi Jumamosi, wewe unatuletea takataka!"

Watu wa stendi walijaa mlangoni. Inspekta Asteria, aliyeitwa kutoka kituo cha polisi, alimhurumia fundi. Katika mji mdogo kama huu, jina likishachafuka, nani atampa tena kazi?

"Uliifungaje?"

"Kwa pamba, afande. Lesi yenye shanga haikunjwi, inaviringishwa. Hayo majani siyajui. Kwetu Makanya mgomba uko wapi?"

Asteria alichukua jani moja. Lilikuwa limesokotwa na mkono uliozoea kufukia ndizi ziive. Bibi yake milimani alifanya vivyo hivyo. Same ni pakavu. Majani haya mtu aliyateremsha kutoka huko juu.

Mtunza ghala, mzee Tumainieli, alikuwa ametoka msibani kijijini Bombo, huko milimani, wiki hiyo. Asteria alimwita chumba cha ndani pamoja na Naanyu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole kwa msiba. Funguo za ghala unazo peke yako. Ulipopanda Bombo, ulibeba nini?"

Mzee aligeuza funguo mkononi.

"Mzee?"

"Boksi hilo. Nililipakata njia nzima, veli isikunjamane."

"Veli iko wapi?"

"Amevaa Blessing, binti yangu. Naye alikuwa amechumbiwa. Homa ikamchukua kabla ya harusi. Sikuweza kumzika kichwa wazi. Nikatia majani boksi lisiwe jepesi, nikajidanganya kwamba hakuna atakayeumia."

Asteria alimpa pole tena. Hata hivyo alitoa pingu, akamfunga.

Naanyu alifuta machozi. "Uliikunja?"

"Hapana. Niliitandaza mpaka miguuni."

"Basi ibaki huko, mzee. Lakini mimi nimeitwa mwizi mbele za watu."

Tumainieli aliinamisha kichwa, kisha akatangulia mwenyewe kutoka nje. Alisimama mbele ya mama yake Victoria, akainua mikono yenye pingu wote waione.

"Mwacheni huyu dada," alisema. "Mwizi ni mimi."