Nyumba Isiyo na Chumvi

Kwanza ilikuwa harufu. Chumba cha mama yake Maryam kilinuka ngozi ya mbuzi iliyoloweshwa, na huo ulikuwa mwaka wa ukame, Machakos nzima ikipanga foleni ya maji. Maryam alipiga deki, akafukiza ubani, akafungua dirisha. Harufu haikutoka, ila kila magharibi ilipotea kidogo, kisha usiku ikarudi.

Mama, Bi Mwanatumu, alikuwa mgonjwa wa presha. Daktari Kilonzo alimwandikia vidonge na kumkataza chumvi, na kwa hilo hana lawama. Mwenye lawama ni Ayub, kakake Maryam, mtu wa kutii kupita kiasi. Alitupa chumvi ya jikoni, kisha akazoa na ile ya mawe ambayo marehemu baba yao alikuwa akiisomea dua na kuimwaga kwenye vizingiti, tangu walipohamia hapo kutoka Mombasa na kuambiwa kwamba nyumba hiyo ina mwenyewe, jini.

"Daktari alisema chumvi isionekane kwa hii nyumba," Ayub alijitetea.

"Alisema mama asiile. Nani alikuwa anakula ya mlangoni?"

Presha ikapanda. Mama alimeza vidonge mbele ya Maryam, akala mboga chapwa bila kunung'unika, na bado ikapanda. Daktari akaongeza dawa. Maryam alimuuliza, kwa adabu mwanzoni, mbona dawa inaongezwa na mgonjwa anazidi kudhoofika. Je, pengine dawa hii haimfai?

Daktari hakuinua hata macho. "Madam, wewe uko na digrii ya udaktari? Kama hauna, mpatie mama dawa."

Maryam alitoka pale kwa hasira. Kilichomuuma zaidi ni kujua kwamba angelazimika kumrudia mtu huyohuyo.

Siku hiyo, kabla tu ya magharibi, alimsikia mama akihema kwa shida, na nyuma ya pumzi ile akasikia pumzi nyingine, nzito na ya polepole, na alipousukuma mlango akamwona mama amelala chali, macho wazi, na blanketi kifuani mwake limebonyea kana kwamba kuna mtu mzima amekaa juu yake, na bonde lile likasogea, likamgeukia.

Ayub alinong'ona kwamba wamngojee Maalim Abshir aje amsomee mama, ila alikuwa amekwenda Mwala kununua ng'ombe.

"Tungoje mpaka tumzike?" Maryam akamjibu.

Alikimbilia dukani, akarudi na mfuko wa chumvi ya mawe. Hakusoma dua wala kisomo chochote. Aliimwaga kwenye kila kizingiti cha kutokea nje na kila dirisha huku akilitukana jini lile, na daktari, na kakake.

Adhana ikaanza. Kitu kikatoka mbio chumbani, kikagonga dirisha, kikagonga mlango wa mbele, kikarudi jikoni kikilia kama mnyama aliyenaswa, na Maryam, mfuko mtupu mkononi, akaelewa alichofanya, maana kila magharibi kitu hicho kilikuwa kikitoka, na leo yeye amekizibia njia zote, nacho kikageuka, kikarudi mbio kule kulikobaki wazi, kinywani mwa mama.

Mama akaacha kuhema. Akakaa kitako.

"Nilikuwa natoka," alisema kwa sauti kavu isiyokuwa yake. "Umenifungia wewe."

Ayub hakuyasikia hayo. Alikuwa amekwisha kwenda kumleta daktari.

Daktari Kilonzo aliruka kizingiti akiguna kuona chumvi yote ile. Akampima mama mkono wa kulia, akampima wa kushoto, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Presha imeshuka kabisa. Hii ni ya msichana."

"Pima tena," Maryam alisema. "Huyu si mama."

"Hata mgonjwa akipona wewe bado unabishana?"

Ayub alikuwa akilia kwa furaha, akimshukuru Mungu na daktari. Mama akanyoosha mkono uliolowa jasho lenye ile harufu, akamshika Maryam kifundo cha mkono, akakibana.

"Msikilize daktari," alisema taratibu. "Dawa imenikubali."