Tunapita Tu

Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, Luciana alikoroga uji wa ulezi. Mumewe Ignasi aliunywa wima mlangoni, kama mtu anayesubiri lori. Kisha alibeba jembe na kushika njia. Saa mbili mguu kwa mguu, huyo, mpaka kwenye mahame yao, makazi waliyoyaacha ng'ambo ya Mwimbi. Huko alifagia uwanja wa nyumba isiyo na paa. Jioni alirudi.

Walikuwa na watoto wawili. Zita alikuwa na miaka saba, na maswali yake hayakwisha, utadhani karani wa kuhesabu watu. Margareth alikuwa na miaka mitatu, na popote alipokwenda dada yake naye yupo.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Mwezi wa nane watu wote wa mabondeni walihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Wenzao walifyatua matofali, wakajenga. Ignasi alisimamisha kibanda cha nyasi, basi. Hakupanda hata mgomba. Na choo? Hakuchimba. Familia nzima ilikwenda kichakani, nyuma ya kibanda.

Balozi wao wa nyumba kumi, mzee Wilibrodi, alimwuliza mara tatu. Jibu likawa lile lile: kwetu siyo hapa, mzee, hapa tunapita tu. Mtu akichimba shimo ameshakubali kukaa.

Mvua za kwanza zilipokaribia, akaja bibi afya. Jina lake Mwantum, binti wa wenye duka kule Katandala, mjini Sumbawanga. Alikuwa msichana wa maneno mengi, baiskeli yake ikilia kila mahali. Alizunguka nyuma ya kibanda, akarudi ameziba pua kwa mtandio.

"Kaka Ignasi, nzi hana adabu," alisema. "Akitoka kichakani kwako anakuja kwenye ugali wako, wala hanawi miguu. Na mvua ikinyesha, uchafu wote unateremka kwenye dimbwi mnalochota maji. Chimbeni choo. Maji ya kunywa yachemsheni."

"Dada, kwetu tulikunywa maji ya kijito tangu babu."

"Kule mlikuwa kaya moja bonde zima. Hapa mko kaya mia mbili, dimbwi moja."

Ignasi alicheka. Alisema akirudi kwao atachimba hata vyoo viwili, kimoja cha wageni wa mjini. Mwantum naye akacheka, kwa adabu. Luciana peke yake hakucheka.

Mvua ikanyesha. Siku ya tano Zita akaanza kuharisha. Alfajiri walikwenda naye mara sita kichakani, mchana hakuweza kutembea tena. Macho yaliingia ndani, midomo ikakauka. Ignasi alimbeba mgongoni kwenda zahanati, na njia ilikuwa tope tupu. Njiani mtoto aliuliza kama wanakwenda nyumbani. Baba yake akasema ndiyo. Hakuuliza tena.

Shimo la kwanza alilochimba Ignasi katika kijiji kipya halikuwa la choo.

Baada ya matanga Ignasi aliendelea kwenda mahameni. Luciana alisema neno moja tu: mvua nyingine zikikaribia na choo hakuna, atamchukua Margareth na kurudi kwa wazazi wake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya gulio.

Mwezi wa sita, mavuno yakiwa ghalani, kijiji kiliandaa tamasha la sanaa. Mwalimu wa kisomo alibandika swali kwenye mti wa shule kwa herufi kubwa: KWETU NI WAPI? Kila kaya ije na jibu lake: wimbo, chungu, mkeka, hadithi, chochote.

Watu wakaja, jamani, uwanja ukajaa. Mzee Polikarp alileta jembe la chuma alichoyeyusha baba yake, akaliinua juu wote walione. Mama mmoja alifinyanga kijiji chake cha zamani kwa udongo, mpaka kuku. Vijana wa shule walighani ngonjera kuhusu umoja. Watu walipiga makofi huku wakifuta machozi. Kumbe si Ignasi peke yake aliyeacha kitu nyuma.

Kisha wakaingia akina mama wa nsimba. Hiyo ni ngoma ya chungu na kigoda: kigoda kinafudikizwa juu ya mdomo wa chungu, kinasuguliwa, na chungu kinanguruma kama ng'ombe aliye mbali. Luciana ndiye aliyesugua. Ndiye aliyeanzisha wimbo, na hakuna aliyewahi kuusikia:

*Wanauliza kwetu wapi,*
*Mume wangu asema tunapita.*
*Tunapita, tunapita,*
*Mbona Zita amekaa?*

Wenzake walipaswa kuitikia. Hakuna aliyeitikia. Chungu kilinguruma peke yake, kisha kikanyamaza.

Mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mke hamwimbi mumewe hadharani. Mzee Wilibrodi akamwambia anyamaze.

Ignasi aliinuka. Watu walidhani anaondoka. Alikwenda mpaka kwa Mwantum, aliyekuwa amekaa kati ya wageni, akasimama mbele yake.

"Dada," alisema, "choo kinakaa mbali gani na maji?"

Mwantum safari hii hakuwa na maneno mengi. Alimweleza polepole: hatua hamsini kutoka majini, tena upande wa chini, si wa juu. Kina cha watu wawili. Tundu liwe na kifuniko, nzi asiingie. Majivu yamwagwe kila siku. Na maji ya kunawa mikono yawe pale pale mlangoni.

Kesho yake Ignasi hakwenda mahameni. Alichora pembe nne ardhini kwa jembe. Akatazama mchoro ule kama anayetazama kaburi, akaufuta kwa mguu.

"Lazima liwe la pembe nne?" alimwuliza Mwantum, aliyekuja kumpimia hatua.

"Hapana, kaka," alisema Mwantum. "La duara ni bora. Haliporomoki upesi."

Alichimba la duara. Lilipomfika kifuani mikono ilikataa. Aliegemea ukuta wa udongo akalia, kwa sauti, mchana kweupe. Luciana alimvuta juu. Kisha akafunga khanga kiunoni, akashuka mwenyewe, akapokea jembe. Walichimba kwa zamu mpaka siku ya nne.

Baadaye walijenga nyumba ya matofali. Maji yalichemshwa, yakafunikwa. Mvua zilipofika, watoto wa kaya zisizo na choo waliharisha. Margareth hakuumwa hata siku moja. Majirani wakaja kutazama, na kabla ya Krismasi kaya kumi na moja zilikuwa zimechimba, nyingi kwa mkono wa Ignasi.

Siku moja Mwantum alileta wageni kutoka mjini wajionee. Walisifu kifuniko, wakasifu majivu. Mmoja akamgeukia Luciana, akamwuliza anakionaje choo chake.

"Ni kizuri," alisema Luciana. "Kilichelewa tu."