Ringi Tisini na Sita

Ufa ulionekana Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Mlinzi wa maegesho ya chini ya ardhi alikuwa anafagia karibu na nguzo ya saba. Alizoa vumbi la zege, akageuka kutupa taka, aliporudi akakuta vumbi jingine palepale. Akainua macho. Ufa ulianzia usawa wa kiuno chake ukapanda hadi darini, mwembamba kama uzi wa kushonea. Mlinzi hakusomea uhandisi, lakini ufagio aliuacha hapohapo.

Saa tatu kasorobo jengo lilikuwa tupu. Lilikuwa limefika ghorofa ya kumi na tisa, na lilitakiwa lifike ishirini na nne. Nguzo ya saba ilishazungushiwa vyuma vya kuiegemeza, na mhandisi aliyelichora jengo zima alikuwa anaingia getini, kofia ngumu kwapani.

Mafundi walimwita Mama Nguzo. Katika miaka ishirini na moja alikuwa amesimamisha majengo kumi na mawili. La kwanza lilikuwa la ghorofa moja tu, na mpaka leo akipita pale hulisalimia.

Getini alipewa fomu ya wageni ajaze. Msimamizi wa ujenzi, waliyembatiza Bwana Ratiba kwa kupenda kuangalia kalenda, alisimama kando yake.

"Fotokopi yenu bado inakwaruza," Mama Nguzo alisema, akionyesha mstari mwembamba mweusi ulioteremka ukingoni mwa fomu. "Mwaka mzima nauona mstari huu."

"Vumbi la hapa, mama. Mashine ile inafanya kazi kuliko mimi."

"Hilo silibishii."

Ofisi ya ujenzi ilikuwa chumba cha mabati chenye meza mbili na mashine ya fotokopi pembeni. Mkaguzi wa majengo alikuwa amekaa, mikono juu ya karatasi moja.

"Nimepitisha kipima nondo kwenye nguzo ile," alisema. "Kila upande una nondo tatu. Zote pamoja ni nane."

"Niliweka tano kila upande. Kumi na sita kwa jumla."

Mkaguzi alimsogezea karatasi. "Mchoro huu ulikuwa umetundikwa ukutani hapa. Nane. Mhuri wako, sahihi yako. Ikifika saa kumi jioni napeleka ripoti, na kwa karatasi hii leseni yako inasimama leo hii. Samahani, mama."

Mama Nguzo hakugusa karatasi. Aliitazama kwa muda, kama mtu anayetazama picha ya ndugu yake akahisi pua imebadilishwa.

"Saa kumi ni mbali," alisema. "Niazime meza."

Wa kwanza kumwita alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchoraji ofisini kwake kwa miaka tisa. Alifika saa nne na nusu akihema.

"Shemeji, ufunguo wa droo ya mhuri nani anao?"

"Wewe na mimi. Kaka hatukumpa, maana hata wa nyumba alishaupoteza."

Mkaguzi aliacha kuandika. "Na michoro nani huileta hapa?"

"Mimi. Kila Alhamisi."

"Kwa hiyo una mhuri na una njia."

Shemeji alimgeukia mhandisi, uso umemshuka. "Na wewe unafikiri hivyo?"

"Nafikiri unywe maji kwanza. Kisha tazama mchoro huu uniambie unaona nini."

Shemeji aliinama juu ya karatasi. Alifuata kwa kidole ringi, vyuma vya mstatili vya kufunga nondo pamoja, moja baada ya nyingine. Halafu akacheka puani.

"Nani kachora hivi? Hizi ringi za ndani zimekumbatia hewa."

"Anaweza kuwa anaigiza," mkaguzi alisema.

"Anaweza," Mama Nguzo alijibu. "Ndiyo maana bado nina maswali."

Wa pili alikuwa Fundi Koleo, mkuu wa mafundi nondo. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nguzo ya saba ulifunga nondo ngapi, fundi?"

"Nane, mama."

"Kwa mchoro upi?"

"Kwa mdomo. Nondo zilikuwa zimekuja pungufu. Bwana Ratiba akaniambia umepunguza, mmeongea kwa simu. Mimi nani nibishane na simu?"

"Niliongea naye kweli," Bwana Ratiba alidakia kutoka mlangoni. "Miezi mitano imepita, mama, umesahau. Na mchoro ukauleta baadaye. Mimi nondo sizijui, nondo ni za mafundi. Mimi ni mtu wa tarehe."

"Sawa, mtu wa tarehe. Kaa, usisimame mlangoni kama unadai." Akamgeukia fundi tena. "Ringi za ndani ulizikata lini?"

"Wiki moja kabla, kwa mchoro wa kwanza. Nilipoambiwa nane sikuwa na pa kuzifunga. Nikaziweka stoo."

"Kazilete. Zote."

Saa nane na robo fundi alirudi akiburuta gunia, akalimwaga sakafuni. Vyuma vilivyokunjwa mstatili, vyenye kutu, vikalia kwenye zege.

Mama Nguzo alichukua mchoro, akausogeza mbele ya Bwana Ratiba.

"Nisaidie. Ringi hii ya ndani kazi yake nini?"

"Kuongeza nguvu."

"Inashika nini?"

"Inashika… nguzo."

Fundi Koleo alijikuta anatikisa kichwa.

"Ringi ya ndani inashika nondo zilizo kati ya kona na katikati," Mama Nguzo alisema. "Ndizo hizo nane zilizofutwa hapa. Aliyefuta alifuta vidoti vya nondo, ringi akaziacha. Shemeji yangu asingekosea hivyo, hata fundi asingekosea. Amekosea mtu asiyejua ringi ni za nini."

Akatoa fomu ya wageni aliyopewa getini, akailaza sambamba na mchoro. Mstari mweusi wa fomu na mstari mweusi wa mchoro ilikwenda pamoja toka juu hadi chini.

"Ofisini kwangu hakuna mstari huu. Mchoro wangu halisi ulifutwa kwa rangi nyeupe, ukapitishwa kwenye mashine ile, mhuri na sahihi vikatoka navyo."

Bwana Ratiba aliitazama mashine kana kwamba imemsengenya. Kisha mabega yakamlegea.

"Pampu ya zege ilikuwa imefika," alisema. "Lori la nondo limeharibika njiani. Mwenye jengo anakuja Jumamosi na wageni wake, nimemwahidi nguzo zimesimama. Nilisema moja tu, jengo halitahisi. Leo niliposikia habari za ule ufa, nikakimbilia kuufuta mchoro."

"Moja tu?"

"Moja tu, mama. Naapa."

Mkaguzi alianza kukusanya karatasi zake. Mama Nguzo hakusimama. Alipiga magoti sakafuni, miwani puani, akaanza kuhesabu ringi, kumi kumi.

"Nguzo moja ina safu ishirini na nne," alisema bila kuinua kichwa. "Kila safu ringi mbili za ndani. Arobaini na nane. Hapa nimehesabu tisini na sita."

 Fundi Koleo alishika kichwa.

"Siku iliyofuata nguzo ya saba sikuwepo. Nilikuwa hospitali na mke wangu. Nilirudi nikakuta gunia limejaa, nikadhani niliongeza mwenyewe."

"Ya pili ni ipi?" Mama Nguzo aliuliza, na safari hii sauti haikuwa na mzaha.

Bwana Ratiba alitazama viatu vyake. "Ya kumi na moja."

Mkaguzi alishatoka na kipima nondo. Baada ya dakika ishirini akarudi. Tatu kila upande, na bado hakuna ufa. Vyuma vya kuegemeza vikapelekwa nguzo ya kumi na moja kabla ya saa kumi, na ripoti ikaandikwa upya, kwa jina jingine.

"Sasa tutabomoa ghorofa ngapi?" mkaguzi aliuliza.

"Hata moja." Mama Nguzo aligeuza mchoro wa uongo, akachora nyuma yake. "Nguzo hizi mbili tutazivisha koti. Nondo mpya nje, zege juu yake. Zitanenepa kidogo, kama sisi wote."

"Na mimi?" shemeji alidai. "Nani ataniomba radhi?"

"Mkaguzi. Mimi nilikupa maji."

Alimkabidhi fundi ule mchoro mpya. "Zihesabu kwa sauti."

Fundi Koleo aliweka kidole kwenye doti la kwanza. "Moja. Mbili. Tatu…" Alipofika kumi na sita akainua macho.

"Tena," Mama Nguzo alisema, akivaa kofia yake.