Vinundu kwenye Mizizi ya Maharagwe

Mwaka 1987 mvua ilianza mapema Tongaren. Edah na mumewe, Barasa, walipanda mahindi. Katikati ya mistari ya mahindi wakapanda maharagwe ya rosekoko. Hayo maharagwe ndiyo kitoweo cha nyumba. Yakikosekana, watoto watakula ugali na sukuma wiki peke yake mpaka mwaka ujao.

Mwezi wa Mei Edah alikuwa akipalilia. Maharagwe yalikuwa yametoa maua. Jembe likakosea, likang'oa shina moja. Edah aliliokota alitupe, kisha akasimama. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu vidogo kama punje za mtama. Aling'oa shina la pili. Vinundu. La tatu pia.

Akamwita mumewe. Mwaka uliopita nyanya zao zilivimba mizizi, na zote zikanyauka. Barasa alisema ugonjwa ule umerudi, na sasa utaingia kwenye mahindi. Maharagwe yote yang'olewe leo, yachomwe.

Edah alichanganyikiwa. Nyanya ziligeuka manjano kabla ya kufa. Haya majani ni ya kijani kibichi.

"Baba Nanyama, mgonjwa gani huyu ananenepa?" alimwuliza mumewe.

Barasa akajibu kwamba kuna magonjwa hujificha. Wakaanza kung'oa.

Walikuwa wamemaliza mistari miwili wakati jirani yao Chepkemei alipopita. Chepkemei ni afisa wa kilimo. Aliona lile rundo, akaegemeza baiskeli kwenye ua.

"Baba Nanyama, unang'oa chakula kikiwa na maua?"

"Si uone mizizi, madam. Imeharibika."

Chepkemei alichukua shina moja. Akasugua mzizi kwa kidole gumba. Kinundu kikabanduka, mzizi ukabaki mzima. Halafu akakipasua kwa ukucha. Ndani kulikuwa na rangi ya waridi, kama nyama.

Edah alirudi nyuma kidogo. Akauliza kama hicho ni kidudu.

"Hiyo ni nyumba," Chepkemei alisema. "Ndani mna bakteria. Ni vijidudu vidogo sana, huwezi kuviona kwa macho. Vinachukua hewa iliyo ndani ya udongo, vinaigeuza mbolea. Haragwe linakula hiyo mbolea. Nalo linavipa sukari inayotengenezwa na majani."

Barasa alicheka. "Ati hewa inakuwa mbolea? Si hewa ni hii tunapumua?"

"Ni hiyo hiyo. Sehemu yake kubwa inaitwa nitrojeni. Mahindi hayawezi kuitumia ikiwa hewa. Wewe pia huwezi. Hivi vijidudu vinaweza."

"Na nyanya zilikufa na nini?" Edah aliuliza.

Chepkemei akaeleza kwamba nyanya zilishikwa na minyoo midogo inayoingia ndani ya mzizi. Uvimbe wake ni mzizi wenyewe. Ukiusugua, haubanduki. Mimea ya namna hiyo ndiyo ya kung'oa na kuchoma, na nyanya zisirudishwe mahali pale kwa misimu kadhaa. Lakini maharagwe haya ni mazima. Wakati wa kuvuna wakate mashina tu. Mizizi iachwe ioze, inenepeshe udongo.

Barasa aliuliza tena kuhusu hewa. Akaelezwa tena. Bado hakuelewa vizuri, lakini aliacha kung'oa.

Mwezi wa Julai maharagwe yalikauka vizuri. Ile mistari miwili waliyong'oa ilikuwa na magugu tu. Kwingine kote maganda yalijaa. Barasa alikuwa akikata mashina kwa panga wakati mama yake alipofika kutoka Bumula. Mama akamwuliza tangu lini amekuwa mvivu wa kung'oa maharagwe.

"Mama, ng'oa moja uone."

Mama akang'oa. Vinundu vilikuwa vimesinyaa, lakini aliviona, akadhani ni ugonjwa. Akatupa shina mbali na kusema lichomwe.

"Hata mimi nilisema hivyo," Barasa akajibu.

Akaanza kumweleza habari za vijidudu. Alipofika kwenye hewa, akakwama. Edah akamalizia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema hajawahi kusikia upuuzi kama huo, hewa kulimia watu shamba.

Jioni walikula maharagwe mapya. Kesho yake, akijiandaa kurudi Bumula, mama aliomba mbegu za maharagwe yale, mikebe miwili ya gorogoro.