Usiitike Naam

Mgeni wa chumba cha tisa alishuka kunywa chai, akamshukuru Mwanamwema kwa sauti nzuri iliyomwamsha. Mwanamwema, mpokea simu wa hoteli moja ya Shangani, Unguja, alimtazama kwa mshangao. Wiki hiyo ya mwaka 1972 walikuwa wamefungiwa mtambo mpya unaowapigia wageni simu, bila mtu, saa wanayotaka kuamka. Mtambo ulikuwa na kengele tu. Sauti haukuwa nayo.

"Ilisema nini?"

"Iliniita jina langu mara mbili. Sikuitika, nikidhani naota."

Kesho yake sauti ilimwita Abrahman, mfanyabiashara wa Mombasa. Yeye aliitika, "Naam," na tangu hapo hakutamka neno jengine. Walimkuta kitandani kashika koo, mdomo unafunguka na kufungika, chumba kizima kinanuka udi na mwani uliooza.

Meneja, Bwana Borafya, alimvuta Mwanamwema pembeni. "Chukua likizo," alinong'ona. "Wageni wanasema sauti inayowaita ni yako."

"Siendi. Kama imeichukua sauti yangu, nitaifuata hapa hapa."

Jioni alikwenda Kikwajuni kwa Bi Kazija, mganga, akamsimulia yote.

"Huyo jini anaishi kwa kuitikiwa," alisema Bi Kazija. "Ukimwambia naam, ushampa sauti yako. Kinachomtoa ni jina lake, na halitaji kwa hiari, mpaka akasirishwe."

"Kuuliza watu majina ndiyo kazi yangu, Bi."

Alfajiri wakakaa wawili mbele ya mtambo, Bi Kazija na chetezo chake cha ubani. Simu ya mezani ikalia. Mwanamwema alipoinua mkono wa simu, harufu ile ilimjia kupitia matundu ya mkono huo, na sauti ya Abrahman ikamwita, kisha ikageuka ya marehemu mama yake, Mwanamwema, Mwanamwema, taratibu, kama mtu aliye chini ya kisima, na ulimi wake ukaanza kuinuka wenyewe kuitika, naye akauuma mpaka akaonja damu.

"Nani anapiga?" aliuliza.

"Mwanangu, huniitiki?"

"Maiti ya mama niliikosha kwa mikono yangu. Nimekuuliza jina."

Taa zikafifia. Sauti ikacheka, ikalia, ikaapa kumkausha tumbo na macho. Kila ilipotua, Mwanamwema aliuliza swali lile lile, kwa sauti ile ile ya kazini. Mara ya saba kitu kikanguruma jina lake kwa hasira, jina refu la kigeni. Bi Kazija akalidaka jina, akamsomea jini, akamwamuru atoke. Waya ukafuka moshi, harufu ikakatika, na ghorofani Abrahman akasikika akimshukuru Mungu kwa sauti yake mwenyewe.

Papo hapo simu za vyumba vyote zikalia pamoja. Borafya akaja mbio, shati halijafungwa.

"Hoteli nzima imeamka. Tuwaambie nini?"

Mwanamwema alifuta damu mdomoni, akaunganisha chumba cha kwanza.

"Asalaam aleikum," alisema. "Hapa ni mapokezi. Anayezungumza ni Mwanamwema."