Ubao Uliokataa Kukauka

Watu wengi huogopa usiku. Machogu, fundi wa mbao wa Ekerenyo, alikuja kuogopa saa saba mchana, jua likiwa utosini na kuku wamejibanza chini ya migomba.

Yalianza na ubao mmoja. Madam Gladys, aliyestaafu kazi ya hoteli Mombasa akafungua nyumba ya wageni kilimani Magwagwa, alitaka baraza la mbao nje, watu wakae wakitazama mashamba ya chai. Machogu alimkataza mkaratusi. "Huo, madam, ukikauka hujipinda kama shemeji aliyenyimwa nyama." Akachagua mzambarau mwitu, mti mgumu wa nyama nyekundu, akaununua ukiwa umesimama. Mbao akazianika kivulini miezi minane, vijiti katikati, ncha zikapakwa nta zisipasuke. Alipozipigilia aliacha kati ya ubao na ubao nafasi ya unene wa msumari, kwa sababu huku juu kiangazi huchoma mchana na baridi huuma alfajiri, na mbao hutanuka na kusinyaa, wala hazipendi kubanwa. Mkewe Gesare ndiye aliyepaka mafuta, mara mbili, kwa kitambaa, magoti chini.

Wiki ya tatu ya Januari, mvua ikiwa imesahau njia ya kuja, ubao wa saba kutoka mlangoni ulilowa.

"Nani amemwaga maji?" Machogu aliuliza.

"Maji gani, fundi? Bomba ni kavu tangu Jumapili," Gladys alisema.

Akaugusa. Akaung'oa, akaupiga randa, akaupaka mafuta upya, akaurudisha. Kesho yake ulikuwa umelowa tena, na wa sita, na wa nane. Ulinuka tope na utomvu wa ndizi. Saa saba mchana ulibisha: ko. Kimya. Ko.

"Ni mbao zinatanuka," alisema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe.

"Hilo ni jini," Gladys alinong'ona. "Mombasa nimeyaona."

"Jini afuate nini Magwagwa, madam? Kuchuma chai?"

Lakini hakucheka, maana alikuwa amechoka. Alikuwa amepanda kilima kile mara kumi na moja kwa kazi aliyokwisha kuimaliza, na kila alipokanyaga pale kwa miguu mitupu uchovu ulimpanda kutoka nyayoni, uchovu usio wake, kama wa mtu aliyetembea kutoka mbali sana bila kupewa kiti.

Siku ya kumi na mbili alikwenda na Gesare. Walipaka mafuta mpaka mchana, Gesare akasema mgongo unamkata, akajinyoosha kidogo palipokuwa na ubaridi.

"Usilale hapo!"

"Dakika tano tu, baba Abigael. Hata punda hupumzishwa."

Machogu alikwenda kuchukua msumeno kwenye kivuli cha jikoni, na aliporudi aliona unyevu umeenea chini ya mkewe mbao nne upana, una kichwa, una mabega, una mikono iliyonyooshwa ubavuni na miguu mirefu iliyompita Gesare kwa shibiri mbili, na harufu ya tope imejaa hewa kama mto umefurika palepale katikati ya ukame, na alipomwita Gesare hakujibu, alipomtikisa alifungua macho nusu, akasema "nimechoka" kwa sauti nene ya kiume, akayafumba.

Siku tatu hakuamka. Zahanati walisema hana malaria, apumzike. "Apumzike!" Machogu aliwaambia. "Hilo ndilo tatizo!" Mzee wa kanisa aliomba mpaka sauti ikamkauka. Gesare alizidi kuwa mzito. Siku ya kwanza Machogu alimgeuza kitandani peke yake. Siku ya tatu walihitajika wanaume watatu, na pumzi yake ilikuwa imebaki moja pale penye tatu.

Hapo ndipo Machogu alipokwenda kwa Ochoki, aliyemuuzia mti.

"Mti ule ulisimama juu ya nini, mzee?"

Ochoki alitazama viatu vyake. "Juu ya mgomba."

"Nifafanulie. Mke wangu anakufa."

"Ndugu yangu Masese alikwenda kutafuta kazi, akapotea. Miaka thelathini na minane. Tukafanya kama wazee wanavyofanya mwili usiporudi: tukazika shina la mgomba badala yake. Mama akapanda mzambarau juu, akasema usikatwe mpaka mwanawe arudi. Mimi nilijua harudi."

"Amerudi," Machogu alisema. "Akakuta kitanda chake nimekipiga misumari kwa Gladys."

Mbao nne zikang'olewa. Mchana wa Jumapili zikafungwa kwa majani ya mgomba, zikashushwa katika shimo lililochimbwa penye kisiki cha mzambarau. Gesare akalazwa kando, juu ya mkeka. Lilibaki neno la mama, la kumwambia mwanawe alale. Nyakerario, mama yake Masese, ajuza mwembamba kama fito, alishika udongo mkononi.

"Mama," alisema Gesare kwa ile sauti nene. "Nimefika. Nimechoka."

Mkono wa ajuza ukashuka, udongo ungali ndani.

"Mwaga, mama," Ochoki alimnong'oneza.

"Nyamaza wewe, muuza kaburi." Akageuka kwa Machogu. "Umekaa na mke wako miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili, mama."

"Mimi na huyu hata jioni moja sijakaa naye tangu aondoke. Niachie mpaka kesho."

Pumzi ya Gesare ilikwama, ikarudi kwa shida. Machogu, ambaye kwenye matanga yote ya Ekerenyo ndiye aliyechekesha watu, alitafuta neno la kuchekesha asilipate. Akapiga magoti mbele ya ajuza.

"Mama, kesho sina. Huyu naye ana watoto wanaomngoja mlangoni. Wewe ndiye unajua kungoja kulivyo."

Nyakerario aligeukia shimo.

"Haya. Lala, Masese," alisema, akamwaga udongo.

Gesare akafungua macho. "Machogu! Umenianika juani kama mahindi? Na hawa watu wote wanataka nini?"

Machogu alicheka mpaka akalia. Akamwinua: alikuwa mwepesi, Gesare yuleyule wa kilo zake. Wakajaza shimo upesi, Ochoki akitupa udongo kuliko wote, bila kuinua uso.

Nyakerario hakungoja wamalize. Alishika njia ya nyumbani kwake polepole, na Machogu aliona kwamba anatembea ukingoni kabisa, bega likigusa ua, kama mtu aliyempa mwenzake upande mzuri wa njia. Alisimama. Akainama, akapangusa vumbi kwenye kitu kilicho usawa wa goti lake, mahali palipokuwa na hewa tu.

"Na viatu," alisema kwa ukali wa mama, "uliviacha wapi?"

Akatega sikio, akasikiliza jibu mpaka mwisho.