Fahali wa Tobgay

Theluji ilianza saa sita mchana, na ilipofika saa nane Phub Zam hakuwa akiona hata pembe za yaki, ng'ombe wa manyoya marefu, aliyekuwa akimwongoza, sembuse njia. Upepo ulishuka kutoka upande wa Tibet, umebeba chembe kali zilizochoma mashavu. Alichomeka fimbo yake chini ikazama yote, kikabaki kishikio.

"Mwambie mgeni wako akae nyuma ya wanyama," alimwambia Ugyen. "Akanyage palepale wanapokanyaga wao. Asiende kushoto, asiende kulia."

Ugyen alikuwa kijana wa mji mkuu, Thimphu, mkalimani, mwenye viatu vya mjini vilivyokwisha kulowa. Alipaza sauti kwa Kiingereza. Mgeni, Mjerumani mrefu aitwaye Pelzer, aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho kwenye dira yake.

Asubuhi ile, chini ya mlima, Phub Zam alikuwa amesema wasubiri. Yaki walilala wakiupa upepo mgongo na kukataa kuinuka, na mwenye macho haambiwi tazama. Lakini nchi ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa kwa watalii, na kila mtalii alikuja na karatasi yenye siku zake. Pelzer aligonga saa yake kwa kidole. Ugyen akasema wageni wa serikali hawacheleweshwi. Phub Zam akafunga mizigo huku akiwalaani wote wawili moyoni.

Yeye mwenyewe alikuwa na lake la kujilaani. Mkuu wa kijiji alimpangia zamu ya kutoa yaki wanne wa mizigo, naye alikuwa na watatu wazima. Wa nne alichechemea. Kwa kuogopa maneno ya mkuu, alikwenda malishoni akamvuta Nagpo, fahali mweusi mwenye nyuzi nyekundu na za manjano masikioni. Nyuzi hizo alizifunga mwenyewe mbele ya lama, mtawa wa dini yao, miaka mitatu nyuma, wiki aliyokufa mumewe Tobgay. Alimtoa mnyama huyo kwenye kundi lililokuwa likiuzwa kwa wachinjaji, akala kiapo kwamba hatachinjwa wala kubebeshwa mzigo mpaka afe kifo chake mwenyewe, na thawabu ya uhai ule imfuate Tobgay huko aendako. Sasa Nagpo alikuwa na sufuria, jiko la mafuta ya taa na sanduku la kamera mgongoni. Kila upepo ulipovuma, Phub Zam alijua ni yeye anayedaiwa kwa kiapo alichokivunja.

Walikuwa karibu na kilele cha njia Pelzer alipotoka kwenye nyayo. Aliona nguzo ya mawe upande wa kulia, akataka kuilinganisha na ramani. Hatua ya nne akazama kati ya majabali, na mlio uliotoka ulisikika hata ndani ya upepo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alivunjika kweli, muundi wa kushoto, chini kidogo ya goti.

Kelele zake ziliwatisha wanyama. Watatu wa mbele waligeuka, wakakata kamba na kuporomoka walikotoka, wakiwa na hema, mablanketi na magunia yote ya chakula. Nagpo peke yake alibaki amesimama, theluji ikimjaa mgongoni.

"Wafuate," Ugyen alisema. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Wafuate wewe. Mimi sijachoka kuishi."

Walimburuta mgeni mpaka chini ya mwamba ulioinama, mahali wachungaji walipojenga ukuta wa mawe wa kujikinga. Phub Zam akavunja fimbo ya Pelzer vipande viwili, akaviweka kama banzi pande mbili za mguu, akafunga kwa mshipi wake wa sufu. Mgeni aliuma mkono wa koti lake akatokwa na machozi. Phub Zam hakumhurumia. Alimkazia mshipi zaidi ya ilivyohitajika, na alijua kwamba amefanya hivyo.

Kifuani alikuwa na kifuko cha unga wa shayiri ya kukaanga na vipande vinane vya jibini kavu. Siku ya kwanza waliyeyusha theluji kwenye jiko, wakakoroga unga, kila mmoja akapata tonge la ukubwa wa yai. Siku ya pili mafuta ya taa yakaisha. Theluji ilifika kifuani nje ya ukuta, na iliendelea kushuka bila haraka yoyote. Waliweka sufuria ya theluji ubavuni kwa Nagpo mpaka ikayeyuka kidogo, wakanywa maji yenye harufu ya manyoya. Kulala pia walilala wamemwegemea yeye.

"Aum," Ugyen alisema, akimwita kwa heshima ambayo siku za mwanzo hakuwa nayo, "huko Thimphu watatutafuta lini?"

"Huko Thimphu wanajua tunakunywa chai."

"Na wa kijijini kwako?"

"Wanajua niko na msomi."

Baadaye Ugyen alivua kiatu, akatazama vidole vyake vyeupe. Phub Zam aliukamata mguu ule, akauingiza chini ya kwapa lake ndani ya koti, akausugua mpaka kijana akaanza kulia kwa maumivu. Kulia kule kulikuwa dalili njema. Alimwambia hivyo, kwa sauti ya ukali.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alishika kisu.

Alianza kwa maneno. Aliongea muda mrefu, macho yake kwa Nagpo, na Ugyen alisikiliza hali amejiinamia.

"Anasemaje?"

"Anasema tunakufa huku nyama imesimama mbele yetu."

"Mwambie masikio yana nyuzi."

"Nimemwambia. Anasema uzi si sababu ya watu watatu kufa." Ugyen aliinua uso. "Aum, mimi nimesoma dini kama wewe. Lakini tumbo langu halijui kusoma."

"Kwa hiyo na wewe umo."

"Sijasema nimo."

"Hukusema humo pia." Alimgeukia Pelzer, akazungumza naye moja kwa moja kwa lugha yake mwenyewe, kama vile mtu akisemwa sana ataelewa. "Ukimla huyu leo, kesho utashiba. Keshokutwa nani atakufungulia njia kwenye theluji ile? Wewe na mguu wako? Mtoto huyu wa mjini? Kichwa kikubwa hivyo kina nini ndani?"

Ugyen alitafsiri nusu. Mgeni akageuza uso ukutani.

Kabla ya adhuhuri Phub Zam alitoka kujaza sufuria. Aliporudi, Pelzer alikuwa amejikokota mpaka shingoni kwa Nagpo. Mkono mmoja ulikuwa umeshika manyoya ya koo, wa pili una kisu. Ugyen aliketi pembeni ameziba macho kwa viganja. Phub Zam alimpiga mgeni kifundo cha mkono kwa sufuria, kisu kikaruka ukutani na kupotea thelujini, na Nagpo akarudi nyuma akikoroma. Pelzer alitukana kwa lugha ya kwao. Matusi hayahitaji mkalimani.

Wakati huohuo upepo ukakatika. Mawingu yakapasuka, na bonde la upande wa pili likaonekana, mbali chini, na mstari mweusi wa miti ya misonobari. Kwa miguu ya kawaida ilikuwa nusu siku.

Phub Zam alimfungua Nagpo. Alitupa jiko chini, akatupa na sanduku la kamera. Alishika kamba, akaenda zake.

Hakuna aliyemwita. Alitarajia Ugyen apige kelele, akajiandalia majibu, lakini kijana alisimama tu kwenye pengo la ukuta na mikono yake ndani ya nguo. Nagpo alitangulia kifua mbele akiilima theluji, na nyuma yake mtaro ulifunguka, upana wa mtu mmoja. Hatua mia mbili zilikwenda vizuri. Phub Zam alikuwa na furaha, furaha mbaya, na aliionea fahari. Waache wakae na dira yao.

Kisha akaanza kugombana na marehemu mumewe, jambo alilokuwa na mazoea nalo.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Nikimpakia huyu mtu, nakunyang'anya wewe. Umesikia? Ni chako. Nilikula kiapo."

Tobgay alikuwa mtu wa maneno machache hata alipokuwa hai. Phub Zam alisubiri. Aliusikia moyo wake na pumzi ya mnyama, basi.

"Alitaka kumchinja," alisema tena. "Mkono wake ulikuwa kooni."

Alisimama muda wa kumaliza tasbihi moja, akazisukuma shanga zote mia na nane kwa vidole visivyohisi kitu. Alipomaliza alikuwa na hasira kuliko alipoanza. Akamgeuza Nagpo.

"Mnyanyue," alimwambia Ugyen alipofika. "Na asiniambie asante, nitamwangusha."

Walimfunga Pelzer mgongoni kwa Nagpo kwa kamba ya mizigo, mguu uliovunjika umenyooshwa ubavuni. Mgeni alitazama masikio yenye nyuzi, kisha akamtazama Phub Zam.

Jua lilikuwa adui mpya. Lilimulika theluji hata macho yakawa kama yametiwa pilipili. Phub Zam alichomoa manyoya mkiani kwa fahali, akayasuka haraka, akajifunga usoni yamning'inie mbele ya macho. Akamfunga Pelzer pia. Ugyen alikataa, alisema hatafanana na mchawi. Saa moja baadaye alikuwa haoni, akitembea huku ameushika mkia wa Nagpo kwa mikono miwili.

"Shika sana," Phub Zam alimwambia. "Leo huo ndio uchawi wako."

Waliteremka. Mara Phub Zam alitangulia na fimbo, mara fahali alitangulia na kifua. Kila hatua hamsini Nagpo alisimama kupumua, na kila aliposimama damu kidogo ilidondoka puani mwake. Katika mteremko mpana aligoma kabisa. Pelzer alionyesha kwa kidole: dira ilisema moja kwa moja, na moja kwa moja kulikuwa laini, kweupe, karibu. Phub Zam aliegemeza paji lake la uso shingoni kwa mnyama, akahisi misuli ikicheza. Nagpo akageuka kushoto mwenyewe, akashika ukingo wa mawe, njia ndefu na ya kuumiza. Walikuwa wamefika katikati ya mawe hayo mteremko laini ulipokatika wote kwa mpigo, ukashuka bondeni na kishindo kilichowatikisa meno. Vumbi la theluji liliwafunika. Lilipotulia, dira ilikuwa imefungwa na kurudishwa mfukoni, na haikutoka tena.

Jua la jioni lilikuwa linashika vilele walipoona moshi. Kulikuwa na kibanda cha mawe mwanzo wa misonobari, na mbele yake mchungaji mzee aitwaye Lhaden, mwanamke aliyemfahamu Phub Zam tangu walipokuwa wakichunga pamoja. Lhaden na mwanawe walikuja mbio. Mwana alimbeba Ugyen mgongoni. Lhaden alisimama mbele ya fahali, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye masikio.

"Huyu si wa Tobgay?"

"Ndiye."

"Nani amempakia?"

Ugyen, ambaye alikuwa haoni lakini alisikia vizuri, alidakia kutoka mgongoni mwa mtu. "Hakupakiwa, mama. Mgeni tulimbeba sisi, hapa mwisho tu ndipo—"

"Nyamaza," Phub Zam alisema. "Nimempakia mimi, Lhaden. Mara mbili."

Kwao jambo hilo halikuwa dogo, na wote wawili walijua litasemwa kila penye moto wa wachungaji msimu mzima.

"Mara ya kwanza ilikuwa kwa kumwogopa mkuu wa kijiji," Phub Zam aliendelea. "Hiyo nilikosea. Nitaikiri kwa lama, na adhabu yake nitaibeba."

"Na ya pili?"

Phub Zam alitazama mgongoni kwa fahali. Walikuwa wamemsahau Pelzer. Mgeni alikuwa ameinama kwenye kamba, akihangaika na fundo lililokuwa chini ya tumbo la mnyama. Vidole vyake havikufanya kazi tena, akawa analivuta kwa meno, ili ashuke mapema na kumpunguzia mnyama mzigo. Hakuelewa neno hata moja lililokuwa likisemwa juu yake.

"Ya pili ni hii," Phub Zam alisema. "Nilimnyima Tobgay nikampa huyu, nikiwa na akili zangu timamu. Hiyo sitaikiri kwa mtu. Kama Tobgay hajafika anakokwenda mpaka leo, basi na anisubiri, tutakwenda pamoja."

Lhaden alimsogeza mgeni mikono, akalifungua fundo yeye mwenyewe, na mwanawe akarudi kumpokea yule mtu mrefu asianguke. Nagpo, mgongo mtupu, alijikung'uta mara moja tangu pembe mpaka mkia, akaenda taratibu kwenye nyasi kavu zilizorundikwa kando ya ukuta.

Phub Zam aliketi hapohapo alipokuwa. Tobgay alipokufa hakuwa amelia, kwa kuwa machozi humzuia marehemu njiani, na miaka mitatu alikuwa ameyashika. Sasa yalitoka yote, kwa sauti, mbele ya watu, na Lhaden akaketi kando yake kwenye theluji akamwacha alie.